Mtoto wa dada kapimwa vinasaba Toronto, sasa ukoo mzima haulali

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 43, mzaliwa wa Muheza, ila naishi Tanga mjini ambako nina mgahawa mdogo karibu na stendi. Asubuhi ni chapati na maharage, mchana wali wa nazi, samaki wa kukaanga, mchicha na mchuzi wa ng'onda. Watoto wangu watatu nimewasomesha kwa sufuria hizo, kwa hiyo utaelewa kwa nini jambo hili limenigusa kuliko wenzangu.

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu mkubwa, ambaye yuko Toronto kikazi, alitema mate kwenye kichupa akayatuma kupimwa vinasaba. Majibu yalipotoka akayapiga picha, akayaweka kwenye kundi letu la WhatsApp. Yanasema ana nakala moja ya jeni inayoitwa APOE4, kwamba mtu mwenye jeni hiyo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata uzeeni ugonjwa wa Alzeima, ule wa kupoteza kumbukumbu, na kwamba inahusiana pia na lehemu (kolesteroli) na moyo. Chini yake akaandika: "Mama mdogo, angalieni afya zenu, hii kitu iko kwenye damu yetu."

Tangu siku hiyo hakuna anayelala, maana kwetu dalili zipo. Mama ana miaka 68. Alipata kiharusi akiwa na miaka 61, mkono wa kushoto ukalegea, na baada ya hapo akaanza kusahau. Alikaa muda mrefu hali ikiwa ile ile, kisha mwaka juzi akashuka tena ndani ya wiki moja. Sasa ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki. Jana ameniuliza mara nne kama kuku wamefungiwa, na sisi hatujafuga kuku tangu 2009. Presha anayo tangu zamani, ila dawa alikuwa anameza kichwa kikimuuma, kikitulia anaacha.

Mjomba wetu, mdogo wake mama wa tumbo moja, alianguka shambani akafa akiwa na miaka 46. Alikuwa mwembamba, havuti, hanywi. Alikuwa tu na vinundu vigumu nyuma ya visigino, tukidhani ni vya viatu. Bibi mdogo anasema yote haya ni mizimu ya babu ambayo haijatambikiwa.

Mdogo wangu amepiga marufuku nazi nyumbani kwa mama, na ananunua makopo ya vidonge "vya kurekebisha jeni" kwa mtu wa mtandaoni, shilingi 180,000 kopo moja, anataka tuchangie. Kaka yetu anasema tusihangaike, kilichoandikwa kimeandikwa.

Kikubwa zaidi, binti yangu wa kwanza ana miaka 24 na posa yake imeshaletwa. Juzi mshenga kaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kwetu watu "wanapoteza akili". Sijui nani kampelekea. Nikae kimya? Nimpeleke binti akapimwe kwanza? Nikapimwe mimi? Na nazi niiache? Nikiiacha, Tanga hii nani atakuja kula kwangu?

Wiki iliyopita nilitia chumvi mara mbili kwenye maharage. Nilikaa chini jikoni nikalia.

Mwenye wali wa nazi, Tanga

---

Marahaba mwanangu, na poleni kwa kuuguza.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilishika kalamu, kama nilivyozoea kusoma mafaili enzi zangu za uuguzi kliniki ya presha, nikapigia mstari mambo mawili ambayo wewe umeyataja kwa kupita tu: dawa alizokuwa akiruka mama, na visigino vya mjomba. Kwangu mimi hayo mawili ni mazito kuliko karatasi ya Toronto. Lakini karatasi ndiyo inayowakosesha usingizi, basi tuimalize kwanza.

APOE ni jeni inayotoa maelekezo ya kutengeneza protini ya kubebea mafuta, kwenye damu na ndani ya ubongo. Kila mmoja wetu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Jeni hiyo ina sura tatu kubwa: namba 2, namba 3 na namba 4, ambayo ndiyo hiyo APOE4 yenu. Walio wengi wana namba 3. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kwamba namba 4 inakutwa mara nyingi zaidi kwa wagonjwa wa Alzeima. Kwa Wazungu, mwenye nakala moja ya namba 4 uwezekano wake ni kama mara 3 ya mwenye namba 3 mbili, na mwenye nakala mbili ni kama mara 8 hadi 12. Tena kwa wastani wenye namba 4 huwa na lehemu mbaya, ile inayoitwa LDL, iliyo juu kidogo. Ndiyo maana moyo nao ukatajwa.

Hayo maneno "kwa Wazungu" usiyaruke. Watafiti waliwafuatilia kwa miaka wazee wa kuanzia miaka 65 katika miji miwili: Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Matokeo yalichapishwa 2001. Indianapolis, wazee waliopata Alzeima kila mwaka walikuwa asilimia 2.52. Ibadan walikuwa asilimia 1.15, yaani chini ya nusu. Na namba 4 imejaa Ibadan, ila kule uhusiano wake na ugonjwa ulikuwa hafifu mno. Jeni ni ile ile, lakini iko ndani ya mwili mwingine, unaotembea barabara nyingine na kula chungu kingine. Mimi takwimu hiyo niliposomewa mara ya kwanza nilinyamaza kwa muda.

Sisi neno "jeni" tumelizoea kupitia selimundu. Mtoto akirithi nakala mbili za selimundu, ugonjwa anao, hakuna mjadala. Kwa hiyo tukisikia jeni tunasikia hukumu. Namba 4 haiendi hivyo. Wapo wenye nakala mbili wanaofika uzeeni wakikumbuka mpaka deni la chumvi, na wapo wagonjwa wengi wa Alzeima wasio na hata moja.

Halafu kuna swali ambalo kwenye kundi lenu hakuna aliyeliuliza. Kijana ana nakala moja tu. Kaipata kwa mama yake au kwa baba yake? Shemeji yako naye ana ukoo wake! Inawezekana kabisa mnalilia jeni ambayo haijawahi kukanyaga Muheza. Na hata kama imetoka kwa dada yako, nyie hamkugawiwa sawa tumboni. Mmoja anaweza kuwa nayo na mwingine asiwe nayo.

Ukapimwe wewe? Mimi nasema hapana, si kwa sasa. James Watson, mmoja wa waliogundua umbo la DNA mwaka 1953, alisomewa vinasaba vyake vyote mwaka 2007 akakubali vichapishwe dunia nzima ione, isipokuwa jeni moja. Ilikuwa hiyo hiyo APOE. Bibi yake alikuwa na Alzeima, naye hakutaka kujua. Sikwambii hivyo nikutie hofu. Utafiti mwingine wa Marekani uliochapishwa 2009 ulionyesha kwamba watoto wa wagonjwa walioambiwa majibu yao baada ya kushauriwa vizuri hawakuvunjika moyo kuliko wale ambao hawakuambiwa. Ninachosema ni kwamba ukijua au usijue, kesho asubuhi utashauriwa kufanya mambo yale yale. Hela hiyo ina kazi nyingine, na kazi yenyewe inaanzia kwa mjomba.

Umesema alikufa ghafla akiwa na miaka 46, mwembamba, havuti, hanywi, na ana vinundu vigumu nyuma ya visigino. Mwanangu, siwezi kumpima marehemu kwa barua. Lakini muuguzi yeyote aliyefanya kazi na wagonjwa wa moyo, akisikia vinundu kwenye kano ya kisigino na kifo cha ghafla chini ya miaka 50, anauliza swali moja: lehemu yake iliwahi kupimwa? Kuna ugonjwa wa lehemu ya juu wa kurithi. Anao mtu mmoja katika kila 250 hadi 300 hivi, na wengi hawajui. Ini la kawaida lina kama milango ya kuipokea LDL kutoka kwenye damu. Kwa wenye ugonjwa huu, karibu nusu ya milango hiyo ni mibovu tangu kuzaliwa, basi lehemu inazunguka, inajikusanya kwenye kuta za mishipa ya moyo, na kwa baadhi yao inajikusanya pia kwenye kano za visigino na za vidole. Wanaume wenye ugonjwa huu wasipotibiwa, karibu nusu yao moyo huwashtuka kabla ya miaka 50. Wembamba hausaidii. Uchamungu wala utulivu wa mtu hausaidii.

Waliogundua milango hiyo ni Joseph Goldstein na Michael Brown wa Dallas, Marekani, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Na dawa ipo, tena si ngeni: jamii ya statini, kama atovastatini, ambayo inapatikana hapa kwetu.

Hii ndiyo jeni ninayotaka muikimbize, kwa sababu tofauti na ile ya Toronto, hii ukiikuta kuna la kufanya siku hiyo hiyo. Na wala haihitaji kutuma mate ng'ambo. Kwanza ni kipimo cha damu cha mafuta na lehemu. Nenda hospitali ya Bombo, uombe kipimo hicho, ueleze habari za mjomba wako kama ulivyonieleza mimi, na visigino usivisahau. LDL ikizidi 4.9 kwa kipimo cha milimoli, au 190 kwa kile cha miligramu, usikubali kuambiwa tu "punguza mafuta" ukarudi nyumbani. Mwambie daktari unahofia lehemu ya kurithi, uulizie rufaa ya kwenda kwa wataalamu wa moyo, kama wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam. Kwa ugonjwa huu chakula peke yake hakitoshi, na dawa humezwa miaka yote. Wa kwanza kupimwa ni watoto wa mjomba, maana kama baba yao alikuwa nayo, kila mmoja wao ana nusu kwa nusu. Kisha mama, kisha nyinyi.

Na ili usidhani vinasaba vyetu vimebeba mabaya tu: watafiti wa mji huo huo wa Dallas walikuta baadhi ya Wamarekani weusi, kama 26 katika kila 1,000, wamezaliwa na kasoro kwenye jeni nyingine inayoitwa PCSK9. Kasoro hiyo iliwashushia LDL kwa asilimia 28. Walipofuatiliwa miaka 15, magonjwa ya mishipa ya moyo kwao yalikuwa pungufu kwa asilimia 88, wakati wengi wao walikuwa na presha na sigara kama wenzao. Hiyo ilichapishwa 2006. Leo kuna sindano za kushusha lehemu zilizotengenezwa kwa kuiga urithi wa watu hao. Mwambie bibi mdogo na hilo pia, kwamba mababu waliacha na kinga.

Sasa mama.

Umeandika, na umeandika vizuri kuliko unavyojua, kwamba alianza kusahau baada ya kiharusi, akakaa vile vile, kisha akashuka tena ndani ya wiki moja. Alzeima mara nyingi huja polepole, kama rangi ya kanga inavyopauka kwa kufuliwa. Kushuka kwa ngazi, akashuka akasimama, akashuka tena, mara nyingi ni mishipa ya damu ya ubongo. Huenda ile wiki ya mwaka juzi ilikuwa kiharusi kingine kidogo ambacho hakikulegeza mkono wala mguu. Magonjwa haya mawili yanaweza pia kuwa pamoja kwa mtu mmoja. Daktari ndiye wa kusema, na ahakikishe pia kwamba si upungufu wa damu au wa vitamini B12, si tezi ya shingo, si maambukizi, si sonona, kwa kuwa hayo nayo husahaulisha na yana tiba.

Lakini presha iliyoachwa! Nilikuwa na mama mmoja kliniki, kila mwezi ananiambia dawa anameza. Siku moja alifungua pindo la kanga atafute nauli, vikamwagika mezani vidonge vya miezi mitatu, vingine vimeshageuka unga. Akaniambia, "Mwanangu, nikiwa mzima nimeze dawa ya nini?" Sikumgombeza. Presha haiumi. Inapanda kimya kimya mpaka mshipa unapasuka au unaziba, na kichwa kuuma si kipimo chake. Hai, kule Kilimanjaro, ambako watafiti walihesabu viharusi kijiji kwa kijiji kati ya 2003 na 2006, presha isiyotibiwa ndiyo iliyokutwa mara kwa mara. Wilaya hiyo hiyo, wazee wa miaka 70 na kuendelea walipopimwa nyumba kwa nyumba, kama 6 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Si ukoo wenu peke yenu, na si mizimu ya babu yenu iliyokwenda mpaka Hai.

Kwa hiyo dawa za mama ziwekwe mikononi mwa mtu mmoja, kila siku saa ile ile, awe anaumwa kichwa au haumwi. Akiuliza kuku, mwambie wamefungiwa. Usimsahihishe jina la dada yake, mwitikie. Tambiko sina ugomvi nalo kama linawakusanya. Siku ya kukusanyika mwombeni muuguzi wa zahanati aje na mashine ya presha, kila aliyevuka miaka 30 akunje mkono wa shati kabla sahani hazijapita.

Tuje jikoni kwako, maana najua ndiko roho yako iliko.

Nazi si sumu. Ila zaidi ya sehemu nane katika kumi za mafuta yake ni ya aina inayopandisha LDL, na kwa familia yenye visigino kama vya mjomba siwezi kukwambia ipike utakavyo. Mawese yapo kama nusu, alizeti ni kama sehemu moja tu katika kumi. Unajua mwenyewe ukishakuna nazi kwenye mbuzi na kuikamua kwenye kifumbu, tui la kwanza linatoka zito kama maziwa ya mtindi, la pili jepesi. Pika wali kwa la pili, na la kwanza tia kijiko au viwili mwishoni, ule wakati wa kupalia, ili harufu ibaki. Wateja watakuja. Mama apikiwe wali wa nazi siku moja au mbili kwa wiki, siku nyingine ale wa mafuta kidogo ya alizeti au ugali wa dona. Kumnyima kabisa mtu anayesahau kila kitu isipokuwa ladha ya chakula cha kwao, mimi naona ni ukatili ambao hakuna jeni inayoudai.

Kinachonitisha kwenye orodha yako si nazi, ni ng'onda. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo ni pamoja na chumvi iliyo ndani ya chakula chenyewe. Ng'onda amekwishatiwa chumvi pwani, wewe unaongeza kwenye mchuzi, juu yake unavunjia kile kiungo cha kipakiti ambacho nacho ni chumvi tupu yenye harufu, na kwenye meza pana kikopo cha chumvi kwa atakaye. Loweka ng'onda usiku, mwaga maji, loweka tena. Kipakiti kiache; una kitunguu saumu, ndimu, bizari, pilipili. Kikopo cha mezani kiondoe, anayetaka aombe. Hapo utakuwa umewalinda na wasafiri wa stendi ambao hata majina yao huyajui.

Na soko la Tanga limekupa dawa nusu bure: vibua na dagaa, kunde, mchicha, kisamvu, korosho, machungwa ya kwenu Muheza. Samaki umchemshe au umbanike, si kila siku kumtumbukiza kwenye mafuta yaliyokwishakaanga tangu juzi.

Chakula kinaweza kuizidi nguvu jeni? Mara nyingine karibu kabisa. Hispania walifanya jaribio kubwa la watu zaidi ya 7,000 kuhusu chakula na moyo. Kuna jeni ya mambo ya sukari inaitwa TCF7L2. Waliorithi nakala mbili za sura yake mbaya, na ambao hawakubadilishiwa chakula kwa mafuta ya zeituni au kokwa kama lozi, walipata kiharusi karibu mara 3 kuliko wasio nayo. Waliobadilishiwa chakula, nakala mbili zile zile, tofauti haikuonekana. Na Ufini watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77 walisimamiwa chakula, mazoezi, kazi za kuchemsha bongo na presha kwa miaka miwili. Waliosimamiwa akili zao zilikuwa na nguvu kuliko wenzao, na wenye namba 4 nao walifaidika. Hiyo ni jawabu kwa kaka yako anayesema kilichoandikwa kimeandikwa.

Zile kopo za 180,000 msichangie. Hakuna kidonge cha lishe kinachorekebisha jeni, na hakuna kilichothibitishwa kuzuia Alzeima kwa mwenye namba 4. Usimfokee mdogo wako. Anaogopa kama wewe. Mpe kazi: yeye ndiye awe mshika dawa za mama. Bei ya kopo moja mnunue mashine ya presha ya kufunga mkononi, na kitakachobaki kiende kwenye vipimo vya lehemu.

Kuhusu posa. Binti usimpime APOE, na usimruhusu mtu yeyote amtake apimwe ili aolewe. Ana miaka 24; vinasaba ni vyake, na akitaka kujua siku moja ataamua mwenyewe. Mshenga mjibu wazi na kwa heshima: bibi yake alipata kiharusi kwa presha, tangu hapo anasahau, na tunamuuguza. Basi. Huna siri yoyote hapo, na nyumba ngapi za Tanga hazina mzee wa kiharusi? Ukinong'ona nao watanong'ona. Kipimo cha lehemu ndicho nitakachomshauri, naye awe wa kwanza kujua majibu kabla ya mtu mwingine. Ikitokea iko juu, amweleze daktari kwamba anategemea kuolewa na kuzaa, kwa sababu statini kwa kawaida husimamishwa mtu akipanga ujauzito, na hilo linahitaji mpango mapema.

Ile chumvi mara mbili: una miaka 43, unauguza mzazi, unaendesha mgahawa, una posa mkononi na hulali. Ningeshangaa kama ungeikumbuka. Kama baada ya kupata usingizi wa wiki mbili tatu bado unapotea kwenye mapishi uliyoyajua toka utotoni, mwone daktari. Kwa sasa lala.

Namba ya simu ya mtoto mkubwa wa mjomba unayo. Kama ni wa kiume na amekaribia miaka 40, mpigie leo usiku, kabla hujampigia mshenga, na mwambie apapase nyuma ya visigino vyake.

Shangazi